Nifunge duka? Jibu kwa mfanyabiashara wa Tandahimba asiyepata usingizi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 38, mke na watoto watatu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Tandahimba: bati, saruji, nondo, misumari, na msimu wa kupulizia nauza pia dawa za mikorosho. Msimu uliopita nilikopesha watu wengi kwa ahadi ya korosho. Mikorosho ikashikwa na ubwiri unga, wengi hawakuvuna cha maana. Nawadai zaidi ya milioni tisa. Mimi nadaiwa milioni sita na mwenye mzigo wa Mtwara mjini, nikachukua kausha damu, ule mkopo wa mtaani wa riba kubwa, ili nipunguze hilo deni, sasa narejesha kila Jumatatu. Huu ni mwezi wa saba, na tangu wa tano silali. Nashtuka saa nane usiku moyo unakwenda mbio, nabaki nahesabu hadi adhana ya alfajiri. Simu ikiita naogopa kupokea. Watoto nawafokea bila sababu. Jioni napata nipa kidogo, ile pombe kali ya mabibo, ndipo nisinzie. Mke wangu hajui deni lote. Kuna usiku natamani nilale nisiamke. Jamaa wanasema ni chuma ulete, uchawi wa kuvuta pesa za dukani, niende kwa mganga. Nifunge duka nirudi shambani? Au nimeanza kurukwa na akili?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hujarukwa na akili. Mtu aliyerukwa na akili hakai chini akaandika barua iliyonyooka namna hii, yenye deni, tarehe na sababu. Lakini unaumwa, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo. Kabla ya duka na kabla ya deni, naanza na lile ulilolitaja kwa haraka karibu na mwisho.

Umesema kuna usiku unatamani ulale usiamke. Nakuuliza waziwazi, kama ninavyomuuliza kila anayekaa mbele yangu: inaishia kwenye kutamani, au umeshaanza kufikiria namna ya kujitoa uhai? Watu huogopa kuuliza hivyo wakidhani watampandikizia mwenzao wazo. Sivyo. Mara nyingi anayeulizwa hushusha pumzi, kwa sababu hatimaye kuna mtu anayeweza kulisikia neno hilo bila kukimbia. Ikiwa umefika huko, au ukifika huko usiku wowote, usingoje kukuche. Mwamshe mkeo, au nenda ukamgongee kaka yako, mwende hospitali ya wilaya usiku huohuo. Hiyo ni dharura sawa na ya mtu aliyegongwa na bodaboda.

Na hata kama ni kutamani tu, kuna jambo moja la kufanya leo. Unauza dawa za mikorosho. Ufunguo wa stoo hiyo akae nao mtu mwingine, kijana wako wa dukani au mdogo wako, na nyumbani isibaki hata chupa moja. Huna haja ya kumpa maelezo marefu. Fikra za namna hii huja kwa nguvu kisha zikapungua, wakati mwingine ndani ya saa chache, na anayezipitia bila kitu cha hatari karibu yake ana nafasi kubwa zaidi ya kuiona asubuhi.

Sasa nikueleze unachoumwa, ingawa kukuhakikishia kwa barua siwezi. Usingizi uliokatika kwa zaidi ya miezi miwili, moyo kwenda mbio, hasira isiyo na sababu, kuikimbia simu, kukosa hamu ya kuishi: zikikaa pamoja kwa wiki mbili au zaidi, siku nyingi kuliko siku za nafuu, sisi huanza kufikiria sonona, mara nyingi ikiambatana na ugonjwa wa wasiwasi. Ni maradhi yanayotibika. Hayatibiki kwa kujikaza. Nalisema hili kwa sababu wanaume wa kusini tumelelewa kwa neno hilo, jikaze, na wewe umeshajikaza tangu mwezi wa tano.

Kwa nini wenye maduka? Watu huona bati zimepangwa hadi juu wakadhani mwenye duka ni tajiri. Hawaoni kwamba nusu ya mali ni ya mwenye mzigo na nusu ya mauzo yako kwenye daftari. Mtwara na Lindi pesa ina kalenda yake. Minada ya korosho hufunguliwa kwa kawaida mwezi wa kumi, pesa huingia hadi karibu na mwaka mpya au kupita kidogo, na baada ya hapo kijiji kizima kinaishi kwa kukopa hadi msimu mwingine. Anayekopesha ni nani? Ni wewe. Wewe ndiye benki ya mtaa, isipokuwa benki ina wanasheria, ina akiba na inafunga milango saa kumi jioni. Wewe mteja anakugongea nyumbani.

Na kalenda yenyewe huyumba bila kukuuliza. Mwaka 2018 wanunuzi na wakulima hawakuelewana bei, serikali ikaingia kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakasomba mzigo, lakini malipo ya wakulima wengi yakachelewa kwa miezi. Waliokuwa na maduka wakati ule wanaujua ugumu wa 2019. Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya vikaikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, magari ya mizigo yakakwama. Oktoba ya mwaka huohuo minada ikafunguliwa kwa bei iliyovuka shilingi 4,000 kwa kilo. Nayataja haya kwa sababu moja. Katika barua yako hakuna mahali ulipoandika kwamba ulikuwa mzembe, lakini ukisoma kwa makini, umejihukumu kila mstari. Ubwiri unga huletwa na kuvu, asubuhi zikiwa na ubaridi na unyevu maua yakiwa yametoka. Hausababishwi na mwenye duka. Kosa lako, kama lipo, ni la kukopesha bila kikomo, nalo linarekebishika.

Unaniuliza kama ufunge duka. Hapa sitakupa jibu unalolitaka, maana swali hilo haliamuliwi na mtu anayepata usingizi wa saa chache tu kwa usiku. Ubongo usiolala huona kila njia imezibwa, na hupenda maamuzi makubwa ya mara moja: kufunga, kuuza kiwanja, kutorokea Dar, kuongeza mkopo mwingine. Nimeona watu wakiuza kwa bei ya kutupa mwezi wa nane kitu ambacho mwezi wa kumi na moja kingewatoa. Kwa hiyo naomba tufuate mpangilio: kwanza hospitali na usingizi, kisha siri, kisha madeni, na duka liwe la mwisho.

Hospitali. Nenda hospitali ya wilaya hapohapo Tandahimba. Tafadhali usiingie kwa daktari ukasema "kichwa kinauma na mwili umechoka", maana utapimwa malaria, utapewa Panadol na utarudi nyumbani na siri yako. Sema hivi: "Silali tangu mwezi wa tano, moyo unakwenda mbio usiku, nakunywa ili nilale, na nimefikia kutotaka kuishi." Maneno hayo manne yatambadilisha daktari namna anavyokusikiliza. Atapaswa kukupima presha na sukari, na pengine wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa kuwa yapo maradhi ya mwili yanayofanana na wasiwasi. Kama moyo huo unaambatana na maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi au kukosa pumzi ukitembea, hilo liseme kwanza. Akiona inafaa atakuandikia rufaa kwenda Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenye kitengo cha afya ya akili. Msomaji mwenzako wa Lindi anayesoma hapa, kwako ni Sokoine.

Najua watu wanavyoiita kliniki hiyo. Ukikaa kwenye benchi lake utakuta walimu, mama ntilie na madereva. Atakayekuona kule naye amekuja kwa shida yake.

Matibabu huwa ya mazungumzo, au dawa, au vyote viwili. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi kabla hujaona mabadiliko, na hapo ndipo wengi huziacha wakisema hazifanyi kazi. Usiziache ghafla bila kumwambia aliyekuandikia. Vidonge vya usingizi vya kununua duka la dawa ni jambo jingine. Valiamu ukiitumia wiki kadhaa mfululizo mwili unaizoea, na kuiacha inakuwa kazi ya pili juu ya ile uliyokuwa nayo. Usijinunulie.

Nipa. Sitakuhubiria. Umegundua inakulaza, na ni kweli inakulaza, lakini ikishatoka mwilini inakuamsha, na ndiyo maana saa yako ni ile ile, saa nane. Sehemu ya yale mapigo ya moyo ni pombe inayoondoka. Kwa kuongezea, hakuna anayejua nguvu ya nipa ya kila mpikaji. Kama ni kikombe kimoja baadhi ya jioni, acha. Kama umefika mahali ambapo asubuhi mikono inatetemeka usipopata, usikate kwa siku moja, maana mwili uliozoea pombe kali ukiikosa ghafla unaweza kupata degedege. Mwambie daktari kiasi halisi, si kile cha kumpendeza, akupangie namna ya kushuka. Na mabibo yakianza kuiva kuanzia mwezi wa tisa, uraka, ile pombe ya maji ya mabibo, utakuwa kila baraza. Jipange mapema utasema nini ukikaribishwa. Kusema "natumia dawa ya hospitali" kunatosha, hakuna anayeuliza zaidi.

Usingizi wenyewe una kanuni chache ambazo watu huzidharau kwa sababu hazigharimu kitu. Amka saa ileile kila siku, hata kama hukulala. Wewe una bahati, adhana inakufanyia kazi hiyo. Kahawa ya barazani iishie mchana. Usiku ukishtuka na ukaona nusu saa imepita bila usingizi, usibaki kitandani ukihesabu, toka, kaa sebuleni kwenye mwanga hafifu, simu ibaki chumbani, urudi usingizi ukikaribia. Kitanda kikishakuwa mahali pa kuhesabia madeni, mwili hujifunza kuwa macho kila unapokigusa.

Na hesabu usizikataze, zipe saa yake. Saa kumi na moja jioni, ukiwa bado dukani, chukua daftari jingine, si lile la wateja. Andika kila kinachokusumbua, mstari mmoja mmoja, kisha mbele ya kila mstari weka alama: hili naweza kulifanyia kitu wiki hii, au hili siwezi. Bei ya mnada huiwezi. Simu kwa mwenye mzigo unaiweza. Robo saa, funga daftari, ondoka. Saa nane usiku deni likija, liambie limeshaandikwa, tutaonana saa kumi na moja. Wiki ya kwanza utajiona mjinga. Endelea.

Tunakuja kwenye lile ninaloamini ndilo linalokumaliza kuliko milioni sita. Umeandika: "Mke wangu hajui deni lote." Neno "lote" linaniambia anajua kidogo, umempa kipande kisichotisha. Kila siku unailinda hiyo tofauti. Unaficha ujumbe wa simu, unatunga sababu ya Jumatatu kuondoka mapema, unacheka mahali pasipo kicheko. Kazi hiyo peke yake ingemchosha mtu mwenye afya. Na niamini, mkeo ameshaona. Anaona umeamka usiku, ananusa nipa, anajua watoto wanavyokuogopa sasa. Asichojua ni sababu, na mtu asiyepewa sababu hujitungia yake. Mara nyingi anayoitunga ni mwanamke mwingine.

Mwambie. Usimwambie usiku wala ukiwa umekunywa. Chagua alasiri watoto wakiwa madrasa au wamekwenda kucheza. Kuwa na karatasi moja yenye madeni yote, unayodai na unayodaiwa, mpaka lile dogo la kikoba unalolionea aibu. Mpe aisome. Anza na afya, pesa ifuate: "Mama fulani, naumwa, silali, na sababu kubwa ni hii." Atakasirika. Ana haki. Huenda akanyamaza siku mbili. Usizijaze hizo siku mbili kwa ahadi. Unalotafuta hapo ni mtu wa pili anayejua ukweli, atakayekuona ukibadilika na kukupeleka hospitali ukikataa. Kama kweli huwezi kuanza naye, anza na mtu mzima mmoja, mjomba, shangazi au imamu unayemwamini, akusindikize kumwambia. Lakini asiwe rafiki wa kijiweni ambaye kesho habari itakuwa sokoni.

Madeni nitayapitia haraka, kwa kuwa mshauri wa biashara atakusaidia zaidi yangu. Nayagusa pale yanapogusa kichwa chako.

Mwenye mzigo wa Mtwara mpigie wewe kabla hajakupigia. Simu inayokutisha ni ile unayoisubiri. Mweleze hali ya mavuno, mpe kiasi kidogo unachoweza kweli kila mwezi hadi minada ifunguliwe, na kiwe kiasi utakachotimiza. Wenye mizigo wa kusini wanaijua kalenda kuliko sisi. Kinachowakasirisha ni simu isiyopokelewa.

Kausha damu usilipe kwa kukopa kwingine. Mwombe huyo mkopeshaji akuonyeshe leseni na mkataba. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayekopesha kama biashara lazima awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa namna hiyo, asilimia 3.5 kwa mwezi. Linganisha na unachotozwa kwa wiki. Benki Kuu ina tawi Mtwara mjini, unaweza kupeleka malalamiko yako huko. Na wewe unayesoma hapa ukiwa na mkopo wa kwenye simu: mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Wanaotuma ujumbe kwa ndugu na majirani zako kukudhalilisha wanavunja taratibu. Aibu wanayokupelekea ndiyo njia yao ya kukusanya, usiimeze kama hukumu juu yako.

Daftari la wateja ligawe. Wapo watakaolipa ufuta na mbaazi zikiuzwa, wapo wa korosho, na wapo ambao moyoni unajua hawatalipa. Hao wa mwisho waondoe kwenye zile milioni tisa unazozihesabu usiku. Kinachobaki ni pesa ya kweli na kinahesabika. Wewe ni mtu wa adhana, basi unajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qurani, kwenye Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni, na kabla yake kidogo imo amri ya kumpa muda mdaiwa aliyebanwa. Mpe muda aliyebanwa, ila muda huo uandikwe, na shahidi awepo. Kuanzia leo mali kauli, kukopesha kwa ahadi ya mdomo, isimame. Bandika tangazo ukutani ili anayekataa liwe tangazo, usiwe wewe.

Ukishalala vizuri wiki nne mfululizo na ukiwa umerudi kwa daktari angalau mara moja, kaeni wewe na mkeo mhesabu mzigo uliopo, muamue. Mnaweza kuendelea kwa duka dogo zaidi, au kungoja minada ya Oktoba na kupima tena mwishoni mwa Desemba, au kufunga. Kufunga duka kwa hesabu, madeni yakiwa na mpango, hakuna aibu yoyote, na shamba si adhabu. Nisichokubali ni kufunga kwa kukimbia.

Limebaki la chuma ulete. Sitabishana na jamaa zako, wala sitakucheka, kwa kuwa nimewasikiliza wafanyabiashara wengi wakiapa kuwa pesa ilikuwa droo na asubuhi haipo. Nakuomba jaribio moja kabla hujapeleka hata shilingi kwa mganga. Kwa wiki mbili, kila pesa inayotoka kwenye droo iandikwe papo hapo, hata mia tano ya maandazi ya mtoto, vocha, mchango wa msiba, sabuni uliyochukua dukani ukasema utarudisha. Kijana wako wa dukani naye aandike. Kila jioni mfunge hesabu mkiwa wawili. Baada ya wiki hizo mbili, kama bado kuna upungufu, utajua ni kiasi gani na ni siku zipi, na utajua pia nani alikuwa dukani siku hizo.